Jinsi Giaboksi ya Otomatiki Inavyobadili Gia Katika Mwendo wa Barabara Kuu: Mwongozo Kamili wa Kuusoma Mshale wa Mizunguko

Madereva wengi wa magari ya otomatiki huizoea giaboksi katika mwendo mdogo, ambako gia hupanda moja baada ya nyingine kila gari linapoondoka kwenye taa, na wanapofika barabara kuu hudhani kwamba gari limeshatulia katika gia ya mwisho na halina tena la kuamua. Utulivu huo ni wa juu juu. Kati ya kilomita 80 na 120 kwa saa, mshale wa mizunguko ya injini unaweza kupanda ghafla au kuporomoka bila wewe kugusa mkono wa gia, na kila unapofanya hivyo kuna mojawapo ya mambo matatu: gia imepanda, gia imeshuka, au toki konveta, kiungo cha oili kilicho kati ya injini na giaboksi, imefunga au kufungua. Mambo haya huchanganywa mno, hata na watu wanaolipwa kuyatofautisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa kwamba giaboksi ya gari langu imekwisha na lazima ishushwe, kwa sababu mizunguko ilikuwa ikiongezeka kwa 300 hivi kwenye kila mwinuko mdogo. Kumbe ilikuwa ni toki konveta inafungua, kama ilivyoundwa kufanya.

Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi giaboksi yenye toki konveta na gia za sayari, ambayo ndiyo otomatiki ya asili. Aina nyingine zitaguswa kwa ufupi.

Hatua ya 1: Fahamu kilichopo kati ya injini na magurudumu

Toki konveta ni ganda la duara lililojaa oili, na ndani yake kuna feni mbili zinazotazamana. Feni ya kwanza huzungushwa na injini na kuisukuma oili. Feni ya pili hupokea msukumo huo na kuupeleka kwenye giaboksi. Kati yao kuna feni ya tatu, ndogo, inayoitwa stata, ambayo huielekeza upya oili inaporudi, na kwa sababu hiyo gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha inaweza kufikia karibu mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Kwa kuwa kinachounganisha pande mbili ni oili tu, upande wa injini huzunguka kwa kasi kubwa kidogo kuliko upande wa giaboksi muda wote ambao nguvu inapelekwa mbele. Tofauti hiyo ndiyo mtelezo, na mtelezo ni mafuta yanayogeuka joto bure.

Kwa safari ndefu upotevu huo haukubaliki, hivyo ndani ya ganda huwekwa klachi inayoweza kuzibana pande mbili zikazunguka kama kitu kimoja. Wazo hili si geni: watengenezaji magari wa Marekani, Packard, waliliweka kwenye giaboksi yao ya Ultramatic mwaka 1949, miaka kumi baada ya General Motors kuitangaza Hydra-Matic, giaboksi ya otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Siku hizi ni nadra kukuta gari la otomatiki lenye toki konveta lisilokuwa na klachi hiyo.

Nyuma ya toki konveta ndipo zilipo gia za sayari. Kila seti ina gia ya katikati iitwayo jua, gia ndogo kadhaa zinazoizunguka, na pete kubwa yenye meno upande wa ndani. Meno hayo hayaachani kamwe. Kinachobadilika ni sehemu ipi inazungushwa, ipi inazuiwa isizunguke, na ipi inatoa mwendo. Kazi ya kuzuia na kuunganisha hufanywa na klachi za sahani nyembamba zinazobanwa kwa presha ya oili. Kwa hiyo tunaposema gia imepanda kutoka ya tatu kwenda ya nne, maana yake ni kwamba klachi moja imeachia huku nyingine ikishika, kwa muda usiofikia sekunde moja, na katika muda huo huo kompyuta hupunguza kidogo nguvu ya injini ili abiria wasihisi kipigo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gari lako mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa kuwa bila hesabu hii kila unachokiona kwenye mshale kitabaki kuwa cha kukisia. Unahitaji namba tatu: ukubwa wa tairi, ambao umeandikwa ubavuni mwake, uwiano wa difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu), na uwiano wa kila gia, ambao hupatikana kwenye kitabu cha gari au kwenye maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji.

Chukua mfano wa tairi ya 195/65 R15. Upana wake ni milimita 195, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127, na rimu ya inchi 15 ni sawa na milimita 381. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili unapata kipenyo cha milimita 635 hivi, na mzingo wa karibu mita 1.99. Tairi lililobeba uzito hulalia kidogo, kwa hiyo tumia mita 1.94. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hukata mita 1,667 kila dakika, maana yake gurudumu huzunguka takriban mara 860 kwa dakika. Ikiwa uwiano wa difu ni 4.0, shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara 3,440. Sasa zidisha kwa uwiano wa gia: gia ya nne yenye uwiano wa 0.70 itaipa injini mizunguko 2,400 hivi. Gia ya tatu yenye uwiano wa 1.00 itaipa 3,440. Na gia ya pili yenye uwiano wa 1.50 itaipa takriban 5,160.

Andika namba hizo kwenye kipande cha karatasi. Kwa mwendo mwingine unazidisha tu: kwa kilomita 120 kwa saa ongeza moja ya tano, hivyo gia ya nne itakuwa karibu 2,890 na ya tatu karibu 4,130. Kumbuka kwamba hesabu hii inadhani toki konveta imefunga. Ikiwa haijafunga, mshale utasimama juu ya namba uliyoipata, mara nyingi kwa mizunguko kati ya 100 na 400, kulingana na mzigo uliopo.

Kwa gari la gia nne tofauti kati ya mambo haya ni kubwa kiasi kwamba huwezi kukosea: kufungua kwa toki konveta huongeza mizunguko mia chache, lakini kushuka kwa gia huongeza zaidi ya 1,000. Kwenye giaboksi za gia nane hatua ni fupi zaidi. Katika ile ya kampuni ya ZF iitwayo 8HP, kwa mfano, gia ya saba ina uwiano wa takriban 0.84 na ya nane 0.67, kwa hiyo kushuka gia moja huongeza mizunguko kwa robo tu, kutoka 1,800 hadi karibu 2,260. Hapo jicho pekee linaweza kudanganyika, na ile karatasi ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 3: Itazame giaboksi ikipanda hadi gia ya mwisho

Chagua barabara tambarare isiyo na msongamano, gari likiwa limeshapata joto, na uwe na abiria ambaye kazi yake pekee ni kuusoma mshale na kuandika, kwa sababu macho ya dereva ni ya barabarani. Ongeza mwendo polepole kwa kukanyaga mafuta kidogo tu. Mshale utapanda, kisha utaanguka, kila gia inapobadilika. Baada ya anguko la mwisho subiri: sekunde chache baadaye, bila mwendo kubadilika, mshale utashuka tena kidogo, kwa upole, kama gari lililopata gia moja zaidi ambayo haimo kwenye orodha. Hiyo ni toki konveta ikifunga. Kwenye magari mengi ya kisasa kufunga huanza mapema zaidi, katika gia za chini, na hufanyika polepole kwa kuiruhusu klachi iteleze kidogo kwa makusudi, kwa hiyo dalili yake inaweza kuwa hafifu.

Kuna jaribio dogo la kuthibitisha. Ukiwa katika mwendo usiobadilika na hakuna gari nyuma yako, endelea kukanyaga mafuta kama ulivyo na uguse kanyagio la breki kwa wepesi kabisa, kiasi cha kuwasha taa za breki tu bila kulipunguza gari mwendo. Kwenye magari mengi swichi ya breki huiamuru toki konveta ifungue. Mshale utapanda kidogo, na ukiondoa mguu utarudi ulipokuwa baada ya muda mfupi. Ikiwa toki konveta ilikuwa imeshafunga na sasa imefungua, umeuona mtelezo kwa macho yako.

Jaribio hili halifanyi kazi gari likiwa baridi. Kompyuta huizuia toki konveta isifunge, na aghalabu huinyima giaboksi gia ya mwisho, mpaka injini na oili zifikie joto linalotakiwa. Ndiyo maana dakika za kwanza za safari mizunguko huwa juu kuliko ile ya saa moja baadaye kwa mwendo uleule, na si ubovu.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini mguu wako una sauti kuliko mwendo

Kompyuta ya giaboksi husoma mambo mengi, lakini mawili ndiyo makuu: kasi ya shafti inayotoka, na kiasi unachokanyaga mafuta. Kwa kila gia kuna mipaka miwili, mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka, nayo imeachanishwa kwa makusudi. Lau ingekuwa mmoja, gari lililo katika mwendo huo hasa lingekuwa likipanda na kushuka gia bila kikomo. Kadiri unavyokanyaga zaidi, mipaka yote miwili husogea juu. Hivyo katika kilomita 100 kwa saa, mwendo ukiwa haujabadilika hata kidogo, mguu wako peke yake unaweza kuifanya gia ya nne iwe sahihi sasa na isiwe sahihi nusu sekunde baadaye.

Namba zinaeleza sababu yake. Gari dogo la saluni lenye uzito wa kilo 1,300 linahitaji takriban kilowati 12 hadi 15 kwenye magurudumu ili kudumisha kilomita 100 kwa saa katika tambarare isiyo na upepo. Likianza kupanda mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, kuinua uzito huo peke yake kunadai kilowati 14 zaidi, yaani mahitaji yanakaribia kuwa maradufu kwa mwinuko ambao macho ya wengi hayauoni kama kilima. Sasa, injini ya lita 1.6 isiyo na tabo inaweza kutoa kilowati 32 hivi ikiwa katika mizunguko 2,400, hata ukikanyaga mafuta hadi sakafuni. Ukitoa kinachopotea njiani, hakibaki chochote cha maana. Katika gia ya tatu, kwa mizunguko 3,440, injini ileile inaweza kutoa karibu kilowati 50. Kompyuta haikushusha gia kwa uroho. Imeona kwamba nguvu inayoombwa haipatikani pale ilipo.

Upepo wa mbele nao ni kilima kisichoonekana. Nguvu ya kuupasua upepo huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa sehemu hiyo ya mzigo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Gari linalobaki kwa utulivu katika gia ya juu likiwa na mwendo wa 100 linaweza kuhangaika likiwa na 120 kwenye barabara ileile, likiwa na mizigo ileile.

Kwa kawaida mambo hutokea kwa mpangilio. Mwinuko ukianza unakanyaga kidogo zaidi, na jibu la kwanza huwa ni toki konveta kufungua: mizunguko mia chache huongezeka na gari hupata msukumo mdogo. Ukiendelea kukanyaga ndipo gia hushuka, mara nyingi kwa hatua moja. Ukikanyaga ghafla hadi sakafuni, giaboksi hushuka gia moja au mbili kwa mkupuo, ikiwa mizunguko itakayotokea haizidi kiwango cha injini. Katika mfano wetu, kwa kilomita 100 kwa saa gia ya pili ingeleta 5,160, ambayo injini nyingi za petroli huimudu; kwa kilomita 130 ingeleta zaidi ya 6,700, na kompyuta ingekataa.

Hatua ya 5: Lipite gari lingine bila kushtukizwa na giaboksi

Kati ya kukanyaga mafuta hadi mwisho na kupata nguvu kamili kuna kipindi cha kusubiri: toki konveta ifungue, klachi iachie, injini ipande hadi mizunguko mipya, klachi nyingine ishike. Kwenye magari ya zamani hali hiyo inaweza kuzidi sekunde moja, na kwa kilomita 100 kwa saa kila sekunde ni mita 28. Kwa hiyo usikanyage ukiwa tayari upande wa pili wa barabara. Ukiwa bado nyuma ya gari unalotaka kulipita, umeacha nafasi ya kutosha na umeshaona njia ni nyeupe, shusha gia mapema kwa kuzima ovadraivu (swichi inayoizuia gia ya mwisho), kwa kuweka mkono kwenye S (hali ya spoti), au kwa kutumia hali ya kuchagua gia mwenyewe. Subiri mshale utulie kwenye namba ya gia ya tatu uliyoiandika, kisha toka. Nguvu itakuwa inakungoja, wala hutapata ule mshituko wa gari kulala kwanza kabla ya kuondoka.

Ukishapita, usiuachie mguu wote mara moja. Giaboksi huchukulia kuachia ghafla kama ishara kwamba huhitaji tena nguvu na hupanda gia papo hapo. Ukikanyaga tena itashuka, na mwendo huo wa kwenda na kurudi hauna faida kwa klachi wala kwa abiria.

Hatua ya 6: Vilima virefu, kupanda na kushuka

Hali mbaya kuliko zote kwa giaboksi ni kilima ambacho gia ya nne haitoshi na ya tatu inazidi. Gari hushuka gia, hupata kasi, hupanda gia, hupoteza kasi, kisha hushuka tena. Kila badiliko ni msuguano wa klachi, na kila dakika ambayo toki konveta iko wazi chini ya mzigo mkubwa ni joto linaloingia kwenye oili. Giaboksi nyingi za kisasa hutambua mwinuko na kushikilia gia ya chini, lakini za zamani haziwezi. Ukiona gia zinabadilika zaidi ya mara mbili kwenye kilima kimoja, amua wewe: zima ovadraivu na uirudishe ukifika kileleni. Kelele itaongezeka, ila mizunguko 3,440 haiidhuru injini iliyo nzima, na toki konveta inaweza kubaki imefunga katika gia hiyo. Anayevuta tela asingoje hata dalili ionekane. Kidhibiti mwendo (cruise control) nacho ni afadhali kizimwe kwenye vilima, maana kwenye magari mengi hakioni kilima mpaka mwendo umeshapungua, na kikishtuka hukanyaga kupita kiasi.

Wakati wa kushuka, gia ileile ya chini huifanya injini ilizuie gari, na breki hubaki baridi. Kuweka N kwenye mteremko ni kosa, hata kama wapo wanaoamini kwamba kunaokoa mafuta. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, injini ya kisasa hukata kabisa unyunyiziaji wa mafuta, lakini ikiwa kwenye N lazima inyunyize ili isizime.

Giaboksi zisizofuata maelezo haya

CVT haina hatua; mkanda wa chuma hupanda na kushuka kati ya puli mbili, hivyo mshale unaweza kuelea kutoka 1,800 hadi 3,500 bila badiliko lolote la gia, ingawa baadhi huigiza hatua ili dereva asione ajabu. Giaboksi ya klachi mbili, kwa upande wake, aghalabu haina toki konveta, na mizunguko yake kwenye barabara kuu inapaswa kulingana na hesabu ya Hatua ya 2 takriban kamili. Ikizidi bila gia kubadilika, klachi inateleza.

Hatua ya 7: Tambua badiliko lisilo la kawaida

Ukiwa na namba zako, ubovu hujitokeza wazi. Mizunguko ikiruka juu kati ya gia mbili kabla ya gia inayofuata kushika, klachi inachelewa au presha ya oili ni ndogo. Ikiwa katika tambarare, gari likiwa na joto, mshale unabaki juu ya hesabu kwa mia chache na jaribio la breki halibadilishi kitu, toki konveta haifungi. Sababu inaweza kuwa solenoidi (vali ya umeme), waya, klachi yenyewe, au sensa ya joto inayoidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi. Hii ya mwisho ni ya bei ndogo, ndiyo maana ikaguliwe kwanza.

Mtetemo mfupi katika mwendo wa wastani ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu, kama gari linalopita juu ya mistari ya zege, mara nyingi ni klachi ya toki konveta ikishika na kuachia. Mara nyingi husababishwa na oili iliyochoka. Hata hivyo plagi au koili mbovu hutoa mtetemo unaofanana nao sana, na kwa kuwa toki konveta iliyofunga hupitisha kila tikisiko la injini moja kwa moja, hitilafu hiyo ya plagi au koili inaweza kusikika zaidi wakati huo huo. Misimbo ya kompyuta ya injini isomwe kabla ya mtu yeyote kugusa giaboksi.

Kuhusu oili, tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji na uipime kwa utaratibu wa gari lako; baadhi hupimwa injini ikiwa inaunguruma, baadhi hazina kabisa kijiti cha kupimia. Kauli kwamba oili ni ya maisha yote naichukulia kwa tahadhari: ZF wenyewe hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na matumizi mazito huleta siku hiyo mapema.

Unapokwenda kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari linasumbua gia. Mpe yale aliyoyaandika abiria wako: mwendo, mizunguko iliyoonekana na iliyotarajiwa, tambarare au mwinuko, kiasi ulichokanyaga mafuta, dakika ngapi tangu gari liwashwe, na kilichotokea ulipoigusa breki.